Koyoti wanamaliza mbuzi wangu, na kila mtu ananisifia risasi yake

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Voi, niko Texas mwaka wa 11 sasa. Miaka minane niliendesha lori. Mwaka juzi mimi na mama watoto tulinunua ekari 22 magharibi ya Fort Worth, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, tukaweka mbuzi. Leo ni 40 na kitu, Boer pamoja na chotara. Wateja si shida: Wakenya wenzetu wapo, Wamexico wapo, Waarabu wapo, na Idi ikikaribia simu hailali.

Shida ni koyoti, wanyama wa huku wanaofanana na bweha. Tangu Februari nimepoteza wanambuzi saba. Watatu walitoweka, nikabaki na damu kidogo tu kwenye nyasi. Wawili niliwakuta wamelala na matundu ya meno kooni, chini ya taya. Wawili wa mwisho walizaliwa usiku, na asubuhi nikawakuta hawana macho wala ulimi, mama yao bado anawalamba. Siku hiyo sikula.

Nimeamua kununua bunduki. Grinkadi ninayo. Lakini kwetu Voi bunduki tuliiona begani mwa askari wa wanyamapori tu. Nyani wa shambani tulimfukuza kwa kombeo na matusi. Kwa hiyo sijui lolote, na kila ninayemuuliza ana risasi yake.

Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa, ana .22-250 ambayo haitumii tena kwa sababu ya macho. Ataniuzia bei ya ujirani, darubini nzuri ikiwa juu yake. Anasema koyoti akisimama yadi 400 analala tu. Kijana wa dukani ananiambia hiyo ni ya wazee, nichukue .204 Ruger, inakimbia kuliko zote. Mpwa wangu, anayesoma chuo huku na anaishi kwetu, ameangalia video zake na kuamua kwamba .17 HMR inatosha: risasi zake rahisi, kelele ndogo, na yeye atanilindia usiku nikiwa kazini. Rafiki yangu Mtanzania wa Dallas anasema niachane na hao wote nichukue .223 kama watu wengine. Mama watoto anasema ninunue mbwa.

Shamba lenyewe ni tambarare. Mashariki kuna nyumba ya jirani mwingine, kama mita 500 kutoka zizini. Kaskazini ni barabara ya changarawe. Magharibi kuna kijito kikavu chenye kingo ndefu za udongo, na huko ndiko koyoti wanakotokea. Mahali ninapoona mbali zaidi bila kuzibwa na miti ni yadi 250 hivi.

Nichukue ipi? Na mama watoto nimjibu nini?

Mchunga mbuzi, Texas

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa ile asubuhi.

Kabla hatujafika kwenye risasi, turudi kwa wale wawili wasio na macho. Hao usimhesabie koyoti. Koyoti akimkamata mwanambuzi humbana koo chini ya taya mpaka apumue mara ya mwisho, ndiyo yale matundu uliyoyaona kwa wale wengine. Anayeanzia macho, ulimi, kitovu na nyuma ni tumbusi mweusi. Huko Texas wamejaa, na tofauti na tumbusi tuliozoea kuwaona wakisubiri mzoga, hawa hushuka juu ya mbuzi au ndama anayezaliwa hajasimama hata kwa miguu yake. Nakuambia mapema kwa sababu nakujua utakavyokuwa na bunduki mpya mkononi: tumbusi analindwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1918 inayohusu ndege wahamao, na ukimpiga bila kibali umejitafutia kesi. Dawa yake ni banda. Mbuzi wenye mimba pevu waingize ndani, karibu na nyumba, wazae huko.

Kwa hiyo koyoti unamdai wawili kwa hakika, na watatu kwa kumshuku. Ukikuta siku moja mbuzi wengi wameraruliwa masikio na mapaja lakini hawajaliwa, hapo usimtafute koyoti kijitoni, tafuta mbwa wa watu wanaofunguliwa usiku.

Sasa risasi. Kinachowachanganya wageni ni majina. Ile nambari yenye nukta mbele ni unene wa risasi kwa inchi, tena kwa kukadiria. Risasi ya .223 na ya .22-250 zina kichwa, yaani kile kinachoruka, cha unene uleule, inchi .224, yaani milimita 5.7. Unaweza kuking'oa kichwa cha moja ukakitia kwenye nyingine. Tofauti iko nyuma, kwenye ganda: ganda la .223 hubeba baruti gramu 1.6 hivi, la .22-250 hubeba karibu 2.3. Baruti zaidi, kasi zaidi, joto zaidi, kelele zaidi, na pesa zaidi. Mabishano yote unayoyasikia kuhusu risasi hizi ndogo, ukiyachuja, yanabaki hapo.

Nianze na ya mpwa wako kwa sababu niliwahi kuiamini. .17 HMR ilitoka mwaka 2002. Walichukua ganda la .22 Magnum, wakalibana shingo, wakaweka kichwa cha greni 17, yaani gramu 1.1 tu, uzito wa mbegu chache za mahindi. Inatoka mtutuni kwa mita 777 kwa sekunde, na kwa sungura, kindi au rakuni aliye karibu ni risasi tamu sana. Inapiga pale pale ulipolenga na bunduki haina teke. Basi nikajidanganya kwamba hata koyoti itamtosha. Nilimpiga mmoja ubavuni, yadi 120. Aliruka, akajizungusha akijing'ata ubavu, akaingia kichakani. Nilimpata kesho yake saa nne asubuhi, bado hai. Sitasimulia zaidi. Hesabu ndiyo hii: nguvu ya risasi ile ikitoka ni jouli 330 hivi, na ikifika yadi 100 imebaki chini ya 200. Koyoti wa huko ana kilo 12, 15, wakati mwingine zaidi, na manyoya na mbavu zake si za kindi. Upepo nao unaichezea: upepo wa kawaida wa kilomita 16 kwa saa utaisukuma pembeni zaidi ya sentimita 30 ikifika yadi 200. Texas siku isiyo na upepo unaijua wewe.

Zile nyingine tatu zote zinamuua koyoti barabara. Hapo ugomvi unabadilika.

Kijana wa dukani hakukudanganya. .204 Ruger, iliyotoka 2004, ndiyo yenye kasi kuliko zote ulizotajiwa: kichwa cha greni 32 kinatoka kwa mita 1,288 kwa sekunde. Teke lake ni dogo hata unaona kwenye darubini risasi inapotua, jambo ambalo wapigaji wa panya wa mbugani, wale wa Dakota na Wyoming wanaofyatua mamia kwa siku, wanalipenda kupita maelezo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu hao hasa. Kwa koyoti chukua kichwa cha greni 40, si 32. Kile chepesi kikigonga mfupa wa bega huweza kupasukia juu juu na kuacha kidonda kikubwa kisichoua. Kasoro yake kwako ni ya kawaida kabisa: ukiishiwa na risasi Jumamosi jioni, duka la mji mdogo huenda halina.

.22-250 ya mzee ina heshima yake. Mafundi wa bunduki waliichonga kienyeji miaka ya 30 kutoka ganda la .250 Savage, wakaitumia miaka na miaka kabla ya Remington kuiingiza kiwandani rasmi mwaka 1965. Greni 55 kwa mita 1,120 kwa sekunde. Mzee anapokuambia yadi 400, anakuambia kweli, kwa sababu anazungumzia mikono yake na macho yake ya zamani. Wewe unaona yadi 250.

Na hapo ndipo kesi yote inapoishia, mwanangu. Chukua bunduki hizi tatu, zirekebishe darubini zipige katikati kwenye yadi 200. (Yadi ni ileile ya kupimia kitambaa, pungufu kidogo ya mita.) Kutoka miguuni pako mpaka yadi 200, tofauti ya mahali zinapogonga haifiki upana wa vidole viwili. Kwenye yadi 300 ndipo zinaachana: .223 imeshuka sentimita 18 hadi 20, .22-250 kama 13 au 14, .204 kama 11 au 12. Unataka kulipia tofauti inayoanza pale ambapo miti yako imeshakuziba?

.223 Remington ni ndugu wa risasi ya jeshi la Marekani, na kwa sababu hiyo viwanda vinaitoa kama mikate. Greni 55, mita 988 kwa sekunde, jouli 1,740 ikitoka na bado karibu 1,000 ikifika yadi 200. Hiyo ni mara tano ya .17 HMR kwenye nusu ya umbali. Mtutu wake unadumu zaidi kuliko wa .22-250, ambao ile baruti nyingi kwenye tundu dogo huuchoma koo haraka, hasa mtu akifyatua mfululizo. Na la muhimu kuliko yote kwa mtu ambaye hajawahi kufyatua: ni rahisi kununua, kwa hiyo utafanya mazoezi. Mwenye .223 aliyefyatua risasi 300 kwenye uwanja wa shabaha atamshinda mwenye .22-250 aliyefyatua 20 kisha akaziwekea akiba zilizobaki. Mtanzania wako wa Dallas kasema kweli, ingawa naona alisema kivivu.

Nunua ya boliti, ile unayovuta kwa mkono kila risasi. Inakufunza subira. Ukitazama ubavuni mwa mtutu utaona imeandikwa msokoto, yaani mifuo ya ndani inamaliza mzunguko mmoja kwa inchi ngapi. Chukua 1 kwa 9 au 1 kwa 8. Hiyo itapokea vichwa vyepesi na vizito pia. .22-250 nyingi za zamani ni 1 kwa 14, na zikipewa kichwa kilichozidi greni 55 kwa kiasi hupiga ovyo. Tena soma kama bunduki imeandikwa .223 au 5.56. Risasi hizo mbili kwa macho ni pacha. Bunduki ya 5.56 hula .223 bila shida, lakini risasi ya 5.56 ndani ya bunduki iliyoandikwa .223 tu inaweza kuleta mgandamizo uliozidi. Dukani watakuambia haina neno. Wewe nunua boksi lililoandikwa kama mtutu wako ulivyoandikwa.

Kuna kosa moja ambalo wengi wetu huangukia kwa sababu ya bei. Boksi la bei ya chini kabisa litakuwa lile la vichwa vilivyofunikwa shaba mwili mzima, mfano wa jeshi. Hizo ni za karatasi ya shabaha. Ukimpiga nazo koyoti mara nyingi hutoboa kama sindano, zikatoka upande wa pili zikiwa nzima na kuendelea na safari. Zikigonga jiwe hudunda na kwenda zinakotaka. Za kuwinda wanyama wasumbufu kama koyoti zina ngozi nyembamba na ncha ya plastiki, V-Max ya Hornady ikiwa ndiyo inayopatikana sana. Hizo zikiingia kifuani hupasuka humo humo, mnyama akaanguka palepale, na ukikosa zikagonga udongo huvunjika vipande vidogo. Ndizo za shamba lako, kwa sababu ya ile nyumba ya mashariki.

Tuizungumze hiyo nyumba. Risasi ya .223 iliyorushwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Mita 500 si kitu kwake. Kwa hiyo mashariki na kaskazini kwako ni haramu, hata koyoti akisimama akikucheka. Jenga kibanda kidogo cha kukaa, juu kidogo ya ardhi, upande wa zizi, ukitazama magharibi, ili kila risasi ikimkosa mnyama iishie kwenye ukingo wa kijito. Udongo ule ni mali kuliko darubini. Texas ina sheria inayofanya kuwa kosa risasi ya mwindaji kuvuka mpaka wa shamba bila idhini ya maandishi ya mwenye upande wa pili, na hakuna atakayekusikiliza ukisema mbuzi walikuwa wangu. Ndiyo maana pia sikushauri uanze usiku. Ruhusa ya kumwinda koyoti usiku kwenye shamba lako ipo, lakini taa inakuonyesha macho mawili yanayong'aa na haikuonyeshi kilicho nyuma yake. Macho ya mbwa wa jirani nayo hung'aa. Anza na alfajiri, koyoti anarudi kijitoni, nuru inatosha kumtambua.

Kuhusu karatasi: mwenye grinkadi ananunua bunduki kama raia, utajaza Fomu 4473 dukani na rekodi zako zitakaguliwa. Jaza ukweli mtupu, maana uongo kwenye fomu ile ni kosa la serikali kuu na uhamiaji wataliona. Texas hukusamehe leseni ya uwindaji kwa koyoti anayeshambulia mifugo. Hata hivyo, kwa kawaida mwindaji aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya mwindaji. Mtu mzima anayapata kwa intaneti, lakini ningekuwa wewe ningeenda darasani, mtu akanishika kiwiko akanirekebisha. Sisi wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hatukufundishwa na baba wala babu mambo haya. Na uvae vizuia-kelele masikioni kila unapofyatua, kila mara. Mimi sikio la kulia limeshaondoka.

Mpwa wako sasa, na hapa sitanii. Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, sheria ya serikali kuu inamkataza kushika bunduki au hata risasi moja mfukoni, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache. Msamaha unaotumiwa sana ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na siku leseni inapoisha, msamaha umeisha. Asiguse kitu kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji. Usimnunulie bunduki kwa jina lako. Ukienda kazini, bunduki ibaki kwenye sanduku la chuma lililofungwa na ufunguo uende nao. Kijana aliyevuka bahari kusoma asirudishwe Voi kwa ajili ya koyoti.

Mama watoto mjibu kwamba ana akili kuliko sisi wanaume wote tuliotajwa hapa. Mbwa wa kulinda mifugo, Great Pyrenees au Anatolia, wawili waliokulia na mbuzi tangu wadogo, wanafanya kazi usiku kucha wakati wewe uko kazini au umelala. Watu wengi wa mbuzi huko Texas wanao, wengine huongeza punda, na punda hampendi koyoti hata kidogo. Bunduki utaitumia kwa koyoti mmoja mmoja aliyeshazoea zizi lako na haogopi tena. Ukiua wale wanaopita mbali na hawajakugusa, nafasi yao huchukuliwa na wageni usiowajua tabia. Kwa hiyo mbwa kwanza, kisha bunduki, na uaya wa umeme chini ya ua kama mfuko unaruhusu.

Swala wenye mkia mweupe hujawagusia, lakini huko kwenu wanapita na najua utawatamani. Siku hiyo ikifika, fikiria .243 Winchester: kichwa cha greni 58 kwa koyoti, greni 100 kwa swala, bunduki moja kazi mbili. Teke lake ni kubwa kidogo na risasi zake ghali zaidi. Kwa mwaka huu wa kwanza bado nasema .223.

Na mzee usimkatae kavu kavu. Mwambie bunduki yake ni nzuri kuliko mpigaji, kisha umuulize kama darubini anaweza kuiuza peke yake. Ukimaliza hilo mkaribishe chai, mtembee naye mpaka kijitoni akuonyeshe koyoti wanapita wapi. Amewatazama humo tangu utotoni.

Mjomba wako wa safu